Shajara ya mradi: kuizima MYC ndani ya seli za Daudi

6 Januari

Nimefungua daftari jipya. La zamani limejaa mahesabu ya kununua vifaa, na sipendi hesabu za shilingi zilale ukurasa mmoja na hesabu za seli.

Swali la mradi ni fupi: tukiizima MYC ndani ya seli ya limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B za kinga, jeni zipi zinapoa, na zinapoa kiasi gani? MYC ni kidhibiti cha unukuzi, yaani protini inayotua juu ya DNA na kuamua jeni iliyo karibu inakiliwe kwa wingi au kwa uchache kuwa RNA tarishi. Haitui peke yake. Hushikana kwanza na mwenzake aitwaye MAX, kisha wawili hao huibana DNA kama koleo, hasa mahali penye herufi CACGTG. Ndani ya seli yenye afya MYC ni mgeni wa kupita. Hutengenezwa seli inapoambiwa ijigawe, na haichukui hata nusu saa kabla nusu ya protini hiyo haijavunjwavunjwa. RNA yake nayo haidumu. Mwili umeiwekea breki kila upande.

Kwenye Burkitt breki zimeng'olewa. Kwa wagonjwa walio wengi, kromosomu 8 imekatika karibu na MYC na kipande hicho kimeungwa kwenye kromosomu 14, jirani na jeni za kingamwili. Kazi ya seli B ni kutengeneza kingamwili, kwa hiyo mtaa ule wa kromosomu 14 una vichocheo vya DNA visivyolala. MYC ikihamia hapo hupigiwa ngoma usiku na mchana.

Nitafuata jeni chache tu: LDHA ya kuchakata sukari, ODC1 ya kutengeneza poliamini, NCL inayohusika na viwanda vya ribosomu, na MYC yenyewe. HEXIM1 nimeiweka kama shahidi, kwa sababu dawa tutakayotumia ikifanya kazi, HEXIM1 hupanda. Jeni rejea ya kulinganishia, ile inayotarajiwa isibadilike, ni GAPDH. Kila mtu hapa hutumia GAPDH.

9 Januari

Leo seli za Daudi zimetolewa kwenye nitrojeni ya maji. Dakika mbili ndani ya maji ya nyuzi 37, nikitikisa kichupa polepole mpaka kibaki kipande cha barafu kama punje ya mchele, halafu haraka kwenye chakula chao cha RPMI chenye asilimia 10 ya seramu ya ndama.

Nimewaza sana juu ya kichupa hiki. Ukoo wa seli uitwao Daudi ulianzishwa mwaka 1967 kutokana na uvimbe wa kijana wa miaka 16 nchini Kenya. Ugonjwa wenyewe ulielezwa Kampala: daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa Mulago alipoanza kuona watoto wenye uvimbe wa taya, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Baadaye aliendesha gari kutoka Uganda hadi kusini mwa bara akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona, akapata ramani iliyofuata joto na mvua, ile ile ya malaria kali. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona virusi kwenye seli za uvimbe huo kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1982 ikajulikana kwamba jeni iliyohama kromosomu ni MYC. Mlolongo wote huu umeanzia siku mbili za basi kutoka hapa Dar es Salaam, ila sisi tumeagiza seli hizi kutoka benki ya seli ng'ambo, zikaja kwenye boksi la thamani kuliko mshahara wangu, juu ya barafu kavu iliyokuwa imebaki kama chumvi ya kutia mchuzi.

Zimeamka vizuri. Zinaelea, hazishiki chini ya chupa. Kwa hadubini ni vikundi kama vichala vya zabibu.

14 Januari

Seli zinajigawa. Hakuna la kuandika.

20 Januari

La kuandika limepatikana. Umeme umekatika usiku wa kuamkia leo, jenereta likawaka, swichi ya kuhamisha umeme upande wa chumba cha seli ikagoma. Asubuhi inkubeta ilikuwa na nyuzi 29 na hewa ya ukaa haikuwa ikiingia. Chakula kimegeuka rangi ya waridi kali. Nimezihesabu kwa rangi ya bluu ya trypan, ambayo huingia kwenye seli iliyokufa na kuachwa nje na iliyo hai: zaidi ya theluthi moja zilikuwa za bluu.

Ningeweza kuzilea zikarudi. Nimezimwaga kwenye dawa ya kuua na kuanza kichupa cha pili. Seli iliyonusurika msukosuko inakuwa na mambo yake, na mimi napima jambo ambalo hubadilika kwa msukosuko mdogo tu.

3 Februari

JQ1, ile dawa ya kuizima MYC, imefika. Kemikali hii ilitangazwa mwaka 2010, na maabara ya James Bradner kule Boston iliigawa bure kwa waliotaka kuifanyia utafiti, ndiyo maana imeenea kote. Haiigusi MYC. Protini ya MYC haina shimo la kudumu ambalo dawa ingejichomeka. Ukiitafutia umbo ikiwa peke yake, imelegea kama uzi wa sufi. JQ1 inapitia kwa jirani. Kuna protini BRD4 inayosoma alama za asetili kwenye histoni, zile protini zinazosokotewa DNA, na kukusanya mitambo ya kunakili pale penye alama nyingi. Kichocheo cha kingamwili kilichoibeba MYC kina alama hizo tele. JQ1 inakaa kwenye kiganja cha BRD4 kinachoshika asetili, BRD4 inaachia, na MYC inakosa mpiga ngoma wake. Mwaka 2011 ilionyeshwa hivyo kwenye seli za myeloma, ambazo nazo ni za ukoo wa seli B.

Mpango: nanomolari 500, saa nne na saa ishirini na nne. Chupa za kulinganisha zinapata DMSO peke yake, kwani ndiyo iliyoyeyusha dawa. Chupa nyingine zinapata pacha wa JQ1, molekuli ile ile iliyogeuzwa kama mkono wa kulia na wa kushoto, ambayo haikai kwenye BRD4. Nimeweka dawa saa mbili asubuhi, nikavuna za kwanza saa sita mchana.

5 Februari

Matokeo ya kwanza ya qPCR, kipimo cha kuhesabu RNA ya jeni moja moja. Nimetoa RNA, nikapima kila sampuli, nikaingiza nanogramu 500 kila kichupa ili wote waanze sawa, nikageuza kuwa cDNA, yaani DNA iliyonakiliwa kutoka kwa RNA. GAPDH imetulia kama maji ya mtungi: tofauti kati ya chupa za dawa na za DMSO haifiki hata robo ya mzunguko.

Kwa saa 24, ukilinganisha na DMSO: MYC imebaki robo. HEXIM1 imepanda mara tatu. Basi dawa inafanya kazi. Pacha wake hakufanya kitu. Lakini ODC1 imebaki 0.6, NCL 0.7, na LDHA 0.9. Sifuri nukta tisa! LDHA imo kwenye kila orodha ya jeni zinazowashwa na MYC niliyowahi kuiona. Nimeondoa injini, gari linaendelea kutembea.

Usiku sikulala vizuri. Nilijiuliza kama praima za LDHA, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoichagua jeni ya kupimwa, ni mbovu.

6 Februari

Praima si mbovu. Mkunjo wa kuyeyuka una kilele kimoja, yaani zinakuza kitu kimoja tu, na ufanisi ni asilimia 97.

10 Februari

Nimetaka kuongeza jeni rejea ya pili. Kwenye friza kulikuwa na praima za B2M. Mwenzangu wa meza ya pili akacheka: "Kaka, Daudi hana B2M, ndicho kitu kilichompa umaarufu!" Ni kweli seli za Daudi hazina protini hiyo, na kwa sababu hiyo hazionyeshi HLA ya daraja la kwanza, kitambulisho cha seli mbele ya kinga ya mwili, juu ya ngozi yao. Nimechimba zaidi nikakuta ni kweli nusu. Jeni inanakiliwa vizuri. Herufi moja ya mahali pa kuanzia kusoma imeharibika, ATG imekuwa ATC, hivyo RNA ipo na protini haipo. Kwa qPCR ningeipata. Tatizo ni kwamba RNA hiyo hupanda seli ikiguswa na interferoni, ishara ya kinga dhidi ya virusi, na seli za Daudi ni nyepesi mno kwa interferoni. Nimezirudisha praima kwenye friza.

Nimejaribu ACTB, jeni rejea nyingine. Imetulia sawa na GAPDH. Jeni mbili za rejea zinakubaliana, LDHA haijashuka. Nimeanza kuandika aya ya maelezo kwamba pengine kwenye Daudi LDHA haimtegemei MYC. Aya nzuri tu. Nimeandika mpaka kurasa mbili.

12 Februari

Kurasa mbili zimekwenda kwenye takataka, na aliyezipeleka ni mama anayesimamia stoo na vifaa vyetu. Hana shahada ya uzamili. Amekaa maabara tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa akipitia daftari la matumizi ya vichujio vya RNA, akaniita.

"Mwanangu, hizi chupa zenye D ndogo ndizo za dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona kila mara zinatoa RNA kidogo? Seli unaweka sawa?"

"Naweka milioni mbili kila moja. Labda nazipoteza kwenye kusafisha."

"Mara sita zote? Na zile za DMSO huzipotezi?"

Nikachukua daftari. DMSO: mikrogramu 8 na ushei kwa seli milioni moja. Dawa, saa 24: karibu 5. Mara sita mfululizo. Nilikuwa nimeandika namba zile kwa mkono wangu na kazi niliyozipa ilikuwa moja tu, kukokotoa ni mikrolita ngapi zina nanogramu 500.

13 Februari

Nimeshinda ubaoni. Nitaandika nilivyoelewa, nisije nikasahau.

Fikiria ngalawa mbili zimetia nanga Feri asubuhi. Moja imejaa samaki, nyingine imepata kama nusu tu. Mimi nachukua ndoo moja kutoka kila ngalawa, nahesabu changu na vibua. Ndoo zote mbili zina changu kumi. Natangaza kwamba bahari ilikuwa sawa kwa wote. Ndoo ndiyo ile nanogramu 500. Nikisema "nalinganisha changu na vibua" kama nilivyolinganisha LDHA na GAPDH, sijajiokoa, maana vibua navyo vimepungua kwa kiasi kilekile.

Na hapa ndipo MYC inapotofautiana na vidhibiti vingi vingine. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalionyesha, kwenye limfosaiti na seli za uvimbe, kwamba MYC ikiwa nyingi hujaa kwenye promota, yaani mahali kunakili kunapoanzia, za karibu jeni zote ambazo tayari zinanakiliwa, na kuongeza sauti ya kila moja. Wakaiita kipaza sauti. Juu ya hapo MYC inasukuma utengenezaji wa ribosomu, na RNA ya ribosomu ndiyo sehemu kubwa ya RNA yote ninayopima kwa mashine. MYC ikipungua, seli inakonda: RNA tarishi inapungua, ya ribosomu inapungua, GAPDH nayo, ambayo ni ya njia ile ile ya kuchakata sukari, inapungua. Mimi nikaja na ndoo yangu nikasawazisha kila kitu, nikafuta kwa mkono wangu kile nilichokuja kukitafuta. Mwaka huo huo wa 2012 ilichapishwa makala iliyoonya juu ya kosa hili hili, nami nilikuwa nimeisoma. Nilidhani inawahusu wanaosoma jeni elfu ishirini kwa wakati mmoja, si mimi mwenye jeni tano.

Hesabu ya haraka: 5 kwa 8 ni kama 0.6. LDHA 0.9 mara 0.6 ni 0.54. Imeshuka karibu nusu kwa kila seli. Ila hesabu ya nyuma haitoshi, inabidi jaribio lirudiwe na rejea inayotoka nje ya seli.

24 Februari

Rejea ya nje ni RNA ya luciferase, kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake. Binadamu hana. Nimeitengeneza ndani ya kichupa, nikaigawa kwenye vifungu vidogo ili isiyeyushwe na kugandishwa mara kwa mara. Utaratibu mpya: hesabu seli, chukua milioni mbili hai, zivunje, kisha tia kiasi kilekile cha RNA ya kimulimuli kabla ya hatua nyingine yoyote. Kitakachopotea kwenye kusafisha kitapotea pamoja nayo. Kwenye cDNA siingizi tena nanogramu sawa, naingiza ujazo sawa.

Sasa uzito wote umehamia kwenye kuhesabu seli. Nimehesabu miraba minne ya pembeni ya kioo cha kuhesabia, mara mbili kila chupa, na mwenzangu amehesabu bila kuambiwa ipi ni ipi. Vichala vya Daudi vinasumbua. Usipovitawanya vizuri kwa pipeti, unahesabu ukoo mzima kama mtu mmoja. Tumekubaliana kwamba tukipishana zaidi ya asilimia 10, tunarudia.

Tumerudia mara tatu. Macho yanauma.

2 Machi

Kwa kila seli, dawa dhidi ya DMSO, saa 24, wastani wa mizunguko mitatu ya jaribio:

MYC 0.14. ODC1 0.35. NCL 0.41. LDHA 0.52. GAPDH 0.6. ACTB 0.65. HEXIM1 1.9.

Nimeandika GAPDH katikati ya orodha makusudi, ikae na wenzake. Mwezi uliopita ilikuwa hakimu.

Kwa saa nne picha ni tofauti, na kwangu inavutia zaidi. MYC tayari iko chini ya 0.3, ODC1 imeanza kushuka, GAPDH haijatikisika, na RNA kwa kila seli milioni haijapungua kwa kiasi cha kuonekana. Hii inaingia akilini: RNA ya ribosomu huishi siku kadhaa, haiwezi kutoweka kabla ya chakula cha mchana. Kukonda kwa seli kunakuja baadaye.

Nimempelekea msimamizi wangu. Akasoma mpaka mwisho, akarudi juu, akaniuliza: "Kama MYC ni kipaza sauti tu, mbona ODC1 imeshuka kuliko GAPDH?" Nikasema labda ODC1 ina CACGTG nzuri zaidi. "Labda. Ama MYC haipazi sauti zote sawa. Mwaka 2014 walitokea wengine wakasema MYC huwasha na kuzima seti maalumu ya jeni, na huku kukua kwa RNA yote ni matokeo ya seli kuchangamka. Namba zako zinaungana na nani?"

Zinaungana na wote wawili, ndilo jibu la kweli, ingawa kwenye kikao lilisikika kama la mtu anayekwepa deni. Tofauti kati ya 0.35 na 0.6 haiwezi kuelezwa na kipaza sauti kimoja kwa wote. Lakini bila kuhesabu seli nisingejua kwamba 0.6 yenyewe ipo.

Msimamizi akaongeza jambo la pili ambalo sina jibu lake kwa vifaa nilivyonavyo: JQ1 inaiondoa BRD4 kila mahali, siyo kwa MYC peke yake. Baadhi ya kushuka ninakokuona kunaweza kuwa kwa BRD4 moja kwa moja. Nimekiandika kwa kalamu nyekundu.

11 Machi

Jaribio la kuikamata MYC ikiwa juu ya DNA. Unazigandisha protini mahali zilipo kwa formaldihaidi ya asilimia 1 dakika kumi, unasimamisha kwa glisini, unaikatakata DNA kwa mawimbi ya sauti, kisha unavuta MYC kwa kingamwili na kuangalia imekuja na vipande gani.

Kukatakata kumeshindikana. Maji ya mashine yalipata joto, vipande vikabaki virefu kupita herufi 1,000, na kwa urefu huo huwezi kujua MYC ilikaa kwenye promota au kwa jirani wa tatu. Nimepoteza seli milioni arobaini na siku nne za kulea.

17 Machi

Barafu kwenye beseni la mashine, sekunde 30 sauti, sekunde 30 mapumziko. Vipande sasa ni 200 hadi 500. Mama wa stoo ndiye aliyeleta barafu, kutoka kwa muuza samaki, kwa sababu mashine yetu ya barafu iko kwa fundi. Kwa hiyo ngalawa za Feri zimeingia kwenye mradi huu mara mbili.

Kwenye promota ya NCL, MYC imevutwa mara kumi na moja zaidi ya eneo tupu la kromosomu lisilo na jeni. Chini ya dawa, saa nne, imeshuka hadi mara tatu. Kwenye LDHA imetoka saba hadi tatu. Safari hii nimeanza na idadi sawa ya seli tangu mwanzo, na nimeiandika juu ya ukurasa kabla ya kitu kingine.

Mara moja tu. Inahitaji kurudiwa.

19 Machi

Tumeamua njia ya kutenganisha MYC na BRD4. Upo ukoo wa seli B uitwao P493-6, ambao MYC yake iliyopandikizwa huzimwa kwa kuwekewa tetrasaiklini na huwaka tena ukiiosha dawa hiyo. BRD4 haiguswi. Zina virusi vya Epstein na Barr kama Daudi, kwa hiyo utaratibu wa usalama haubadiliki. Barua ya kuziomba imekwenda leo. Tetrasaiklini tunayo.

Wakati tunasubiri, nimegandisha vichupa kumi na viwili vya Daudi, vyote kutoka chupa yenye asilimia 96 ya seli hai. Nimeviweka kwenye matangi mawili tofauti, kila tangi na funguo yake. Kesho fundi wa swichi ya jenereta anakuja saa nne, amesema.